Nakala 58,476 za The Velvet Underground

Mwaka 1960 mpiga ngoma wa Kinigeria, Babatunde Olatunji, alitoa nchini Marekani albamu iitwayo Drums of Passion. Ilinunuliwa kwa wingi, ikaingia katika nyumba za watu ambao hawakuwa wamewahi kusikia ngoma ya Kiafrika. Mmoja wa walioipenda mno alikuwa msichana wa Levittown, kitongoji cha Long Island karibu na jiji la New York, jina lake Maureen Tucker. Hakuna mwalimu aliyemfundisha dramu. Aliweka santuri akapiga akiifuata, mara Olatunji, mara Bo Diddley, mwanamuziki wa rock wa Marekani. Mwishoni mwa 1965 bendi moja ya New York iliachwa na mpiga dramu wake, na onyesho lao la kwanza la kulipwa lilikuwa limekaribia. Mpiga gitaa wao, Sterling Morrison, alimfahamu kaka yake Maureen. Maureen akaitwa.

Alipiga kwa namna ambayo wapiga dramu wa rock hawakuwa wakipiga. Alisimama. Ile ngoma kubwa ya besi, ambayo kwa kawaida husimamishwa sakafuni na kupigwa kwa mguu, aliilaza ngozi ikaangalia juu, akaipiga kwa vigongo vyenye vichwa laini. Matoazi aliyatumia kwa nadra sana, maana aliona yanafunika sauti za wenzake. Kilichobaki ni mdundo mmoja mzito usiokatika. Mara ya kwanza nilipousikia, kabla sijasoma lolote kuhusu Olatunji, nilihisi naujua.

Bendi hiyo ni The Velvet Underground. Muulize mpenzi wa rock akutajie bendi ambayo haikuuza lakini ikaacha alama kuliko nyingi zilizouza, na jina hilo ndilo litakalomtoka kwanza. Habari yao husimuliwa kama muujiza: watu wachache walinunua albamu yao ya kwanza, na kila aliyenunua akaenda kuanzisha bendi. Ni sentensi tamu, lakini utamu wake umezuia watu kuuliza zaidi. Bendi zisizouza ni nyingi mno, na karibu zote zimesahaulika. Kwa hiyo kutouza hakuelezi kitu. Inabidi tutafute ni nini hasa kilichotoka kwa hawa watu, na kilipita mikono ya nani.

Tuanze na hesabu. Ile sentensi tamu ilitoka kwa Brian Eno, mwanamuziki na prodyuza wa Uingereza, alipohojiwa na gazeti la Los Angeles Times mwaka 1982. Alisema Lou Reed, mwimbaji na mtunzi wa bendi hiyo, aliwahi kumwambia kwamba albamu ya kwanza iliuza nakala 30,000 katika miaka mitano ya mwanzo. Eno akaongeza kwamba anavyodhani yeye, kila aliyenunua moja kati ya hizo 30,000 alianzisha bendi. Miaka mingi baadaye ilionekana karatasi ya mrabaha ya kampuni ya MGM, inayoonyesha kwamba hadi tarehe 14 Februari 1969 albamu hiyo ilikuwa imeuza nakala 58,476. Ni karibu mara mbili ya idadi ya Eno, na hiyo ni ndani ya miaka miwili tu.

Kwa kampuni kubwa ya Marekani ya wakati ule, nakala 58,476 zilikuwa si kitu. Albamu ilifika nafasi ya 171 kwenye chati ya jarida la Billboard, na wakati ule haikupanda zaidi. Ya pili, White Light/White Heat ya Januari 1968, iligusa nafasi ya 199 ikatoweka. Ya tatu na ya nne hazikuingia chati zilipotoka. Lakini uitazame idadi ileile kwa jicho jingine: watu elfu hamsini na ushee, wengi wao vijana wa mijini na wa vyuoni, wenye magitaa na muda wa kuyapiga. Hapo si watu wachache. Vijana wa Bongo Fleva humwita msanii ambaye bado hajatoka "andagraundi". Kwa maana hiyo bendi hii ilikuwa andagraundi kwa jina na kwa hali, ila andagraundi yao ilikuwa na watu.

Kwa nini haikuuza? Sababu nyingine zilikuwa za muziki na nyingine za bahati mbaya tupu. Sehemu kubwa ya albamu ilirekodiwa kwa siku chache za Aprili 1966 katika studio za Scepter, ndani ya jengo chakavu la New York. Msanii Andy Warhol, aliyekuwa amewachukua chini ya ulezi wake na kuwaunganisha na mwimbaji Mjerumani aitwaye Nico, ndiye anayetajwa kama prodyuza. Ukweli ni kwamba mchango wake mkubwa ulikuwa kuwakinga wasibadilishwe na mtu. Kampuni ya Columbia ilipewa ikaikataa. Verve, tawi la MGM lililojulikana zaidi kwa jazz, iliikubali kisha ikaikalia hadi Machi 1967. Jalada lenyewe, lenye ile ndizi ya Warhol ambayo ganda lake ni stika ya kubandua, lilikuwa kazi ngumu kiwandani. Ilipotoka, mtu mmoja ambaye sura yake ilionekana kwenye picha ya nyuma ya jalada alidai alipwe. Kampuni, badala ya kumlipa, ikaondoa albamu madukani mpaka picha irekebishwe. Wakati huo ndipo albamu ilipokuwa ikijaribu kupanda chati.

Na redio? Redio haikuwa na namna. Wimbo mmoja unaitwa Heroin na unahusu jambo hilohilo. Mwingine ni wa mtu aliyesimama pembezoni mwa Mtaa wa Lexington na wa 125, dola 26 mkononi, akimngoja muuzaji wa dawa za kulevya. Reed alikuwa amesoma fasihi katika Chuo Kikuu cha Syracuse chini ya mshairi Delmore Schwartz, na alitaka nyimbo zibebe kile ambacho riwaya zilikuwa zinabeba siku nyingi. Hakusifia wala hakukemea. Alimweka mtu mbele yako, akamwacha aseme. Mwaka 1967, ambao vijana wa San Francisco waliimba maua na upendo, hakuna aliyejua aiweke wapi sauti hiyo baridi.

Sasa muziki wenyewe, ambao ndio kiini cha suala zima.

John Cale alizaliwa Wales mwaka 1942, baba yake mchimba makaa ya mawe. Alisomea muziki wa kiwango cha juu London, akaja Marekani mwaka 1963 kwa ufadhili wa masomo, na huko New York akajiunga na kundi la La Monte Young. Kundi hilo lilikuwa linashikilia sauti moja, au mbili tatu, kwa saa nzima bila kubadilisha. Cale aliichukua viola yake, ndugu mkubwa wa fidla, akaifunga nyaya za gitaa la umeme na kuisawazisha daraja ili upinde uguse nyaya kadhaa kwa mpigo mmoja. Ikatoa mvumo kama wa injini ya ndege. Kwa upande wake Lou Reed alikuwa ameajiriwa na Pickwick, kampuni ya santuri za bei rahisi, kazi yake kutunga nyimbo za kuiga zile zinazotamba. Humo alibuni wimbo wa kuchezwa ambao nyaya zote za gitaa zimekazwa kwenye noti moja. Cale aliposikia akashangaa: kile alichokuwa akikitafuta kwa juhudi kubwa katika muziki wa wasomi, mtu huyu alikifikia kwa ajili ya kuchezesha watu.

Bendi nzima imejengwa juu ya mshangao huo. Mvumo wa viola unakaa palepale, ngoma ya Tucker inakaa palepale, gitaa linasugua juu yake mpaka linapiga mayowe, na Reed anaongea zaidi ya kuimba. Heroin una mikao miwili tu ya vidole kwenye gitaa. Mtu aliyeshika gitaa kwa wiki mbili anaweza kuupiga. Kinachobadilika ni mwendo: unaanza polepole, unakimbia, unarudi, unakimbia tena, mpaka msikilizaji anahisi moyo wake umeshikwa.

Hapa ndipo ninapoona jibu. Kipindi hicho rock ilikuwa inapanda ngazi. The Beatles walikaa studio mamia ya saa kutengeneza Sgt. Pepper's, na kijana aliyeisikia aliipenda, akaiheshimu, akajua pia kwamba yeye na rafiki zake watatu kwenye gereji hawataifikia. The Velvet Underground walimpa kitu cha kushika. Aliweza kuusikia usiku na kujaribu kesho yake asubuhi. Muziki mgumu huzaa mashabiki, na huu ulizaa wapigaji.

Nisieleweke vibaya. Watu wengi wamehitimisha kwamba hawakujua kupiga, na hilo si kweli. Cale alikuwa mwanamuziki aliyefundishwa barabara, na Reed alikuwa ametunga nyimbo za kibiashara kwa mkataba. Waliuchagua urahisi. Waliondoa matoazi, wakaondoa manjonjo ya gitaa la solo, na inasemekana Reed aliwatoza faini waliopiga vionjo vya blues. Kilichobaki kilikuwa kichache, na kwa sababu ni kichache mtu mwingine aliweza kukichukua chote, akakipeleka kokote. Ndiyo maana waliowafuata hawafanani wao kwa wao.

Ila muziki hausafiri wenyewe. Mwezi Desemba 1966, kabla hata albamu haijatoka, meneja wa Kiingereza aitwaye Kenneth Pitt alirudi London na sahani ya majaribio ya albamu hiyo aliyopewa New York. Yeye mwenyewe haikumpendeza. Akampa kijana aliyekuwa akimsimamia, ambaye hakuwa amevuma bado: David Bowie. Bowie alisimulia baadaye kwamba alianza kuupiga mmoja wa nyimbo hizo jukwaani kabla albamu haijaingia madukani. Mwaka 1972, akiwa sasa nyota, yeye na mpiga gitaa wake, Mick Ronson, walisimamia utengenezaji wa Transformer, albamu ya Reed peke yake. Humo ndimo ulimotoka wimbo pekee wa Reed uliotamba redioni. Yaani mwanafunzi ndiye aliyemfikisha mwalimu sokoni.

Boston ilikuwa na kijana mwingine, Jonathan Richman. Kila The Velvet Underground walipokuja kupiga katika ukumbi wa Boston Tea Party, naye alikuwepo, maonyesho kwa makumi. Aliwauliza maswali, akatazama vidole vyao, akaenda New York kuwafuata. Aliporudi akaunda The Modern Lovers, na nyimbo zao nyingi za mwanzo zilirekodiwa mwaka 1972 Cale akiwa prodyuza. Mpiga kinanda wa bendi hiyo alikuwa Jerry Harrison, ambaye baadaye aliingia Talking Heads. Mpiga dramu, David Robinson, akawa mmoja wa The Cars.

Jina la Cale hapo si la bahati. Baada ya kutolewa kwenye bendi mwaka 1968 alikaa kwenye kiti cha prodyuza kwa albamu ya kwanza ya The Stooges, 1969, na albamu ya kwanza ya Patti Smith, Horses, 1975. Hizi ni nguzo mbili za ile rock ghafi iliyokuja kuitwa punk. Watu wakizungumzia "athari" hupenda kuifikiria kama harufu inayoenea hewani. Mara nyingi hapa ilikuwa mtu yuleyule, ameketi katika chumba kilekile na vijana, akiwaambia warudie. Waliokuja baadaye, Joy Division, R.E.M., Sonic Youth, hadi Nirvana waliotoa toleo lao la wimbo mmoja wa The Velvet Underground mwaka 1991, walikuwa warithi wa warithi.

Halafu kuna Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia ya wakati ule, sura ambayo hutiwa chumvi kuliko zote, ingawa ukweli wake hauhitaji chumvi.

Mwaka 1968 mwandishi wa tamthilia Václav Havel alikaa wiki kadhaa New York, ambako tamthilia yake ilikuwa inachezwa. Alirudi Chekoslovakia na santuri, mojawapo ya The Velvet Underground. Agosti mwaka huohuo vifaru vya Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Muungano wa Kisovieti, viliingia. Miezi michache baadaye vijana wa Prague, akiwemo mpiga besi Milan Hlavsa, waliunda The Plastic People of the Universe. Jina walilitoa kwenye wimbo wa Frank Zappa, ila nyimbo walizoanza kuzipiga zilikuwa nyingi za The Velvet Underground. Serikali iliwanyang'anya kibali cha kupiga hadharani mwaka 1970. Wakapiga harusini na kwenye nyumba za vijijini, polisi wakiwafuata. Mwaka 1976 walikamatwa, na msimamizi wao, Ivan Jirous, akahukumiwa miezi 18.

Havel alihudhuria kesi ile. Alichokiona ni vijana wasio na ajenda yoyote ya kisiasa, wanaofungwa kwa sababu wanapiga muziki wanaoupenda. Wapinzani wa serikali, ambao hadi hapo walikuwa makundi yasiyozungumza, wasomi huku na wenye nywele ndefu kule, waliungana kuwatetea. Kutokana na muungano huo likazaliwa Tamko la 77, waraka wa haki za binadamu wa Januari 1977 uliosainiwa mwanzoni na watu zaidi ya 240. Waliousimamia ndio waliokuwa mstari wa mbele Novemba 1989, na tarehe 29 Desemba mwaka huo Havel akawa rais.

Mageuzi yale yaliitwa Mapinduzi ya Mahameli, na kwa kuwa velvet ni mahameli, wapo wanaosema yalipewa jina la bendi. Mimi siungi mkono. Yaliitwa hivyo kwa ulaini wake, kwa kuwa utawala uliondoka pasipo risasi. Wala bendi ya New York haikuangusha serikali yoyote. Reed hakuwahi kuimba kuhusu Prague. Alichowapa vijana wale ni mfano wa kusema jambo lako kwa sauti yako bila kuomba ruhusa ya mtu, na katika nchi ambayo kila kitu kilihitaji kibali, mfano huo uligeuka kuwa wa kisiasa bila wao kutaka. Reed alimtembelea Havel Aprili 1990. Baadaye alisimulia kwamba rais alimpa kijitabu cheusi cha mashairi ya nyimbo za Reed kwa Kicheki, kilichochapwa kwa siri nyakati ambazo kukutwa nacho kulikuwa hatari.

Ukiziweka habari hizi pamoja unaona kwamba neno "isiyouza" lina tarehe yake. Lilikuwa kweli hadi bendi ilipokufa. Waliofuata ndio waliogeuza mambo: kila walipohojiwa walilitaja jina, na wasomaji wakaenda dukani kulitafuta. Mwaka 1985 albamu za zamani zilitolewa upya, pamoja na mkusanyiko wa nyimbo zilizokuwa zimelala kwenye maghala tangu 1968 na 1969. Mkusanyiko huo, uitwao VU, ulifika nafasi ya 85 kwenye Billboard, juu kuliko albamu yoyote waliyoitoa wakiwa hai kama bendi. Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone liliiweka albamu ya ndizi nafasi ya 13 katika orodha yake ya albamu bora za nyakati zote.

Wenyewe walikuwa wapi katika miaka ile ya kati? Jambo hili huwa linanigusa kuliko sifa zote. Reed aliondoka Agosti 1970, akarudi kwa wazazi, akawa mpiga taipu katika ofisi ya uhasibu ya baba yake kwa dola 40 kwa wiki. Morrison aliliacha gitaa, akasoma mpaka akapata shahada ya uzamivu katika fasihi ya zama za kati Chuo Kikuu cha Texas, na akawa nahodha wa tagi, boti ya kuvuta meli, bandarini Houston. Tucker alilea watoto watano na kufanya kazi dukani Georgia. Wakati vijana wa nchi tatu nne wanajifunza mdundo wake, yeye alikuwa zamu. Athari hailipi pango. Nico alifariki Ibiza mwaka 1988. Reed, Cale, Morrison na Tucker walikutana tena, wakazunguka Ulaya mwaka 1993, wakagombana, wakaachana. Morrison alifariki Agosti 1995. Bendi iliingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll Januari 1996, miezi mitano baadaye, na wenzake watatu wakamwimbia wimbo wa kumuaga.

Eno, yule mwenye ile sentensi, naye alikuwa mmoja wa waliosikiliza mapema. Mwaka 1980 alikuwa studio na Talking Heads wakitengeneza Remain in Light. Walikuwa wakimsikiliza Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, kwa makini. Wakaacha kabisa kubadilisha mikao ya gitaa, wakashika mmoja kwa wimbo mzima, na juu yake wakapanga midundo tabaka kwa tabaka kwa kufuata namna ya Lagos. Kwenye kinanda alikaa Jerry Harrison, yuleyule wa The Modern Lovers, bendi ya kijana wa Boston aliyesimama mbele ya jukwaa akimtazama Maureen Tucker anavyoipiga ngoma aliyojifunza kwa Olatunji.